BARZA YA MWALIMU: Pete ya Bwana Arusi



Wasomaji wapenzi, mwaka jana katika barza hii tulizungumza juu ya mirathi, nami nikaahidi kuwa mwaka huu tutapumzika na mambo mazito. Ahadi hiyo sikujaliwa kuitimiza. Katika Mfungo Pili alinipigia simu mama mmoja wa jamaa zetu wa hapa Uingereza, sauti imemkauka kwa kilio. Arusi ya mwanawe imebaki wiki sita. Wazee wa bibi arusi wamemnunulia kijana pete ya dhahabu ya karati 18, na kwa ndani wamechoresha tarehe ya nikahi. Kijana kasema haivai, na kwa maneno makali. Wenzao wameona wamedharauliwa. "Mwalimu," akaniuliza, "kweli arusi ivunjike kwa kipete?"

Nilimjibu kuwa kijana ana haki katika hukumu, lakini hana haki katika ulimi wake. Nanyi nawaelezeni yote mawili, maana arusi ni nyingi na jambo hili litarudi.

Tuanze na hukumu. Sayyidna Ali (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alishika hariri kwa mkono wa kulia na dhahabu kwa mkono wa kushoto, akaeleza kuwa viwili hivyo ni haramu kwa wanaume wa umma wake. Wanawake wao wameruhusiwa. Tena katika Sahihi Muslim, Ibn Abbas (r.a.) anasimulia kuwa Mtume aliona pete ya dhahabu kidoleni mwa mtu, akaivua na kuitupa. Alipokwisha kuondoka, watu wakamshauri yule bwana aiokote apate kunufaika nayo, naye akakataa kuokota kitu kilichotupwa na Mtume.

Pete ya fedha haina ubaya. Mtume mwenyewe alivaa ya fedha iliyochorwa jina lake, akipigia muhuri barua zake kwa wafalme. Baada yake waliivaa Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar, hata katika zama za Sayyidna Uthman ikaanguka katika kisima cha Aris, Madina.

Wala sheria hii haikukosa upole. Abdurrahman bin Auf na Zubayr waliruhusiwa kuvaa hariri kwa sababu ya muwasho wa mwili. Arfaja, aliyepoteza pua vitani, alitia pua ya fedha ikawa inanuka, akaamrishwa atie ya dhahabu. Basi mwenye haja ya jino la dhahabu kwa ajili ya matibabu asisumbuliwe.

Sasa ya madukani, ambayo vijana huniuliza kila mwaka. Ile iitwayo dhahabu nyeupe ni dhahabu vile vile: ikiwa ya karati 18, sehemu 18 katika 24 ni dhahabu tupu, na kilichobaki ni madini mengine ya kuibadilisha rangi. Platinamu ni madini mbali, na wanazuoni wengi wameiruhusu. Saa iliyopakwa rangi ya dhahabu si saa ya dhahabu. Lakini kwa madhehebu yetu ya Shafi, ikiwa mpako ni mzito hata ukitiwa motoni hutoka dhahabu, basi iache. Tai ya hariri safi haifai, na ile inayong'aa tu kwa nyuzi za kiwandani haina neno.

Tukisema haramu kuvaa, hatukusema dhahabu ni najisi au zawadi ni tusi. Mtume alimpelekea Sayyidna Umar vazi la hariri. Umar alipostaajabu, akaelezwa kuwa hakupewa ili alivae mwenyewe. Akampelekea nduguye aliyekuwa Makka. Kwa hiyo kupokea kuna njia yake.

Hapa nakiri kosa langu. Nilipooa Mombasa mwaka 1987, mamamkwe wangu, Mungu amrehemu, alitoa bangili yake kwa sonara ikayeyushwa nikatengenezewa pete. Niliivaa miaka saba. Hukumu naijua tangu chuoni, ila nikijiambia kuwa zawadi ya mzee hairudishwi. Siku moja mwaka 1994, katika madrasa ya Jumamosi, tulikuwa tukisoma ile hadithi ya Ibn Abbas. Mtoto wa miaka tisa akaitazama pete yangu, akanitazama usoni, kisha akainamia kitabu chake. Hakusema neno.

Nilirudi nyumbani nikaivua, nikaitia katika bahasha kabatini. Nilitengeneza moja nikaharibu la pili, kwani sikumwandikia mkwe wangu hata mstari mmoja. Tulipokwenda Mombasa mwaka 1996 alikiona kidole kitupu, naye kwa adabu yake hakuuliza. Alifariki mwaka 1998. Ndipo mke wangu aliponieleza kuwa mamake amekufa akiamini nimeiuza pete kwa dhiki ya ugeni, na kwamba lililomuuma ni kuwa sikumwambia, apate kunisaidia. Pete ile tuliifanya vipuli vya binti yetu. Lakini lile neno moja sikupata tena wa kumwambia.

Mtume alifundisha kuwa kiburi si mtu kupenda nguo nzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi anayeivua dhahabu huku akiwadharau walioinunua, ameepuka moja na kuingia katika jingine.

Kijana wetu alikubali shauri. Alikwenda mwenyewe pamoja na ami yake, akaipokea pete kwa mikono miwili, akashukuru, akaomba radhi kwa maneno yake ya awali, kisha akaieleza sababu na kuomba pete iwe ya bibi arusi, atengenezewe anachokipenda. Mkwewe alinyamaza kitambo, halafu akamuuliza kipimo cha kidole chake, ili anunue ya fedha. Nikahi ilisomwa kwa siku yake.

Wazazi, ulizeni kabla hamjakwenda dukani. Na nyinyi vijana, mkiwa na la kukataa, lipelekeni wenyewe kwa miguu yenu, wazee wakingali hai.

Wa billahi tawfiq.

Mwalimu wenu