Kigari cha Magurudumu Matatu na Njia za Handeni na Korogwe

SAFU YA MALEZI
Na Zaina Semkiwa

Kigari cha mtoto, yaani kiti chenye magurudumu na mpini ambacho mzazi hukisukuma mbele yake huku mtoto ameketi au amelala ndani, kilibuniwa kwa ajili ya njia za mawe yaliyopangwa, saruji na lami za miji ya Ulaya, na kwa sababu hiyo mnunuzi wa Handeni au Korogwe anapokitazama dukani anapaswa kuanza na ardhi ambayo magurudumu yake yatakanyaga kila siku, kisha ndipo afikie kitambaa, rangi na jina la kampuni. Safu hii inashikilia kwamba kwa wilaya hizi mbili, familia inayoona haja ya kigari itafaidika zaidi na kile cha magurudumu matatu makubwa yenye tairi za upepo, na kwamba kigari hicho kisichukuliwe hata siku moja kuwa kimekuja kuifuta mbeleko.

Lami ipo. Barabara inayotoka Korogwe hadi Handeni ina urefu wa kilomita 65, na ile inayoendelea kutoka Handeni hadi Mkata, inakoungana na barabara kuu ya Chalinze na Segera, ina kilomita 54. Hata hivyo, mtoto mchanga hupelekwa kliniki, gengeni, kwa bibi na bombani kwa njia za pembeni, ambazo Chanika, mjini Handeni, na vijiji vinavyoizunguka ni za udongo mwekundu unaogeuka tope linalonata wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na ukishakauka huacha matuta magumu ya nyayo za ng'ombe na tairi za bodaboda. Upande wa Korogwe kuna njia za mashamba ya mkonge ya Magunga na Ngombezi, zenye mchanga na changarawe, na kuna miteremko ya Bungu na Vugiri katika milima ya Usambara, ambako hata mtu asiye na mzigo hutembea kwa tahadhari. Kigari cha plastiki chenye magurudumu manne madogo, ambacho ndicho huonekana zaidi madukani, hakikutengenezwa kwa lolote kati ya hayo.

Sababu ya gurudumu la mbele kuwa moja inaeleweka upesi kwa yeyote aliyewahi kuinjika chungu. Mafiga huwa matatu kwa kuwa vitu vitatu hukaa imara juu ya ardhi yoyote, hata ikiwa na mabonde, ilhali figa la nne lingelazimu ardhi isawazishwe kwanza, la sivyo moja lingebaki bila kubeba kitu. Magurudumu matatu nayo yote hugusa ardhi kwa wakati mmoja popote yanapopita, ilhali yale manne, kama fremu yake haipindi, huacha moja likining'inia hewani kila kigari kinapovuka tuta, na mtoto hupokea mtikisiko huo shingoni na mgongoni.

Ukubwa wa gurudumu ni jambo zito zaidi kuliko idadi, ingawa wauzaji hulitaja mara chache. Kipenyo, maana yake upana wa gurudumu kutoka ukingo hadi ukingo kupitia kitovuni, ndicho kinachoamua kizuizi gani kitapandika, kwa kuwa gurudumu linalosukumwa kwa mlalo haliwezi kupanda jiwe ambalo kimo chake kimefikia nusu ya kipenyo hicho, na hata jiwe fupi kuliko hapo linahitaji nguvu kubwa. Gurudumu la sentimita 15 lina nusu kipenyo cha sentimita saba na nusu, kwa hiyo jiwe la sentimita tano tu, lililo la kawaida kabisa katika njia ya kijijini, hulisimamisha ghafla na kumrusha mtoto mbele. Gurudumu la inchi 16, ambalo ni takriban sentimita 40, hulipita jiwe hilo kwa nguvu ndogo zaidi.

Tairi nazo ni za aina mbili. Zipo za mpira mgumu uliojazwa povu, ambazo haziwezi kupata pancha lakini hupeleka kila mtetemo kwenye kiti, na zipo za upepo, zenye tyubu ndani kama baiskeli, ambazo hulainisha njia lakini huogopa miiba. Katika nchi ya migunga kama Handeni mtu anaweza kudhani kwamba povu ndilo chaguo la busara. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba mafundi baiskeli wamekuwa wakiziba pancha za miiba hiyohiyo miaka yote kwa kiraka na gundi, na kwamba magurudumu ya inchi 12 na 16 ni ya vipimo vya baiskeli za watoto, hivyo tyubu yake haihitaji kuagizwa ng'ambo. Mnunuzi atazame namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, aangalie pia kama valvu, yaani kijidomo cha kujazia upepo, inaingiliana na pampu ya kawaida, kwa sababu kigari ambacho fundi wa mtaani hawezi kukitengeneza kitaishia stoo kabla mtoto hajaanza kutambaa.

Umbo hili lina asili inayojulikana. Mwaka 1733 msanifu William Kent wa Uingereza alitengeneza kigari cha kuvutwa na mnyama mdogo kwa ajili ya watoto wa Duke of Devonshire, na mwaka 1965 mhandisi wa ndege Owen Maclaren alibuni kile chepesi kinachokunjwa kama mwavuli, ambacho ndicho baba wa vigari vingi vidogo vya leo. Kile cha magurudumu matatu makubwa kilikuja baadaye, mwaka 1984, wakati Phil Baechler, mwandishi wa habari wa Marekani aliyependa mbio, alipofunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari ili aweze kukimbia na mwanawe. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mwanariadha kikawa, bila mtu kukusudia, ndicho kinachokaribiana zaidi na mahitaji ya mama anayepita njia ya vumbi.

Pamoja na sifa hizo, gurudumu moja la mbele lina hatari yake, na kila aliyepanda bajaji iliyokata kona kwa kasi ameshaihisi mwilini. Uthabiti wa chombo cha magurudumu matatu hutegemea pembetatu inayochorwa ardhini kwa kuunganisha sehemu tatu ambazo magurudumu yanagusa udongo. Kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wote wa mtoto, kiti na mizigo huhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo, kikibaki juu ya pembetatu hiyo chombo husimama, na kikitoka nje yake chombo hupinduka. Pembetatu hiyo ni nyembamba mbele, kwa hiyo mzazi anayeteremka mlima, akakata kona na kushika breki kwa pamoja, anausogeza uzito kuelekea mahali ambapo chombo kina nafasi ndogo kuliko pote. Kigari kizuri kina magurudumu ya nyuma yaliyoachana vya kutosha na kiti kilicho chini, na njia rahisi ya kukipima ni kuweka mfuko wa unga wa kilo 10 kitini, kuufunga mikanda, kisha kukisukuma nje ya duka, kwenye udongo wenyewe, na kukibonyeza upande mmoja karibu na sehemu ya kuwekea miguu. Muuzaji anayekataa jaribio hilo hana sababu ya kupewa fedha.

Hatari ya pili husababishwa na wazazi wenyewe. Mpini wa kigari unavutia kutundikwa kapu la sokoni, ilhali mzigo huo unakaa nyuma ya magurudumu ya nyuma, na mtoto akinyanyuliwa kitini, au hata akijisogeza, kigari chote huanguka chali. Mizigo ni ya kuwekwa chini ya kiti pekee. Gurudumu la mbele linalozunguka kwa uhuru nalo, ambalo hurahisisha kugeuka sokoni, linapaswa kuwa na kifungo cha kuliweka lielekee mbele tu, kwa sababu kwenye changarawe na mteremko hutetemeka na kujigeuza lenyewe. Na kamba ya kuvaa mkononi, inayomuunganisha mzazi na mpini, ni kitu cha lazima kwa anayeishi Bungu, Vugiri au mahali popote penye mlima.

Kwa upande wa mtoto, aliye chini ya miezi sita bado hana nguvu ya kutosha ya shingo na mgongo, hivyo anahitaji kiti kinacholala kabisa, na haifai asukumwe mbio kwenye njia mbovu. Mikanda iwe ya sehemu tano, yaani miwili ya mabega, miwili ya kiuno na mmoja wa katikati ya mapaja. Mitumba ikaguliwe kwa makini zaidi, hasa bawaba, ambazo ni viungo vya kukunjia, kwa kuwa mwaka 2009 vigari vya Maclaren vipatavyo milioni moja viliitwa virudishwe nchini Marekani baada ya watoto kukatwa ncha za vidole na bawaba hizo.

Baada ya yote hayo, mbeleko bado ina hoja ambazo kigari hakiwezi kuzijibu. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwa kanga au kitenge huzungusha mapaja yake kiunoni mwa mama, mkao ambao huweka kichwa cha mfupa wa paja ndani ya kikombe cha nyonga, na madaktari waliopitia kumbukumbu za watoto zaidi ya 40,000 waliohudumiwa katika hospitali moja ya mifupa ya Malawi kati ya 2002 na 2012 hawakukuta hata mtoto mchanga mmoja aliyeletwa kwa ugonjwa wa nyonga kuteguka unaotokana na ukuaji, ugonjwa unaojulikana sana Ulaya. Wao walihusisha jambo hilo na desturi ya kubeba watoto mgongoni. Isitoshe, mtoto wa mbeleko yuko juu ya vumbi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey cha Uingereza walieleza mwaka 2018 kwamba mtoto wa kigarini, kwa kuwa pua yake iko karibu na usawa wa bomba la moshi wa magari, anaweza kuvuta uchafu wa hewa hadi asilimia 60 zaidi ya mzazi wake. Anayepita kando ya barabara kuu ya Korogwe, kati ya mabasi ya Arusha na bodaboda, afadhali ambebe.

Kigari basi kina wenyewe: mama wa mapacha, mama aliyejifungua kwa upasuaji na kidonda hakijapona, bibi anayelea mjukuu huku mgongo umechoka. Hao wasichekwe wala wasiambiwe kwamba wanaiga Uzungu. Waambiwe tu kwamba kanga nzito iliyofunikwa juu ya kigari huzuia hewa na kupandisha joto ndani, na kwamba chandarua chepesi ndicho kifuniko kinachofaa, hasa jioni mbu wanapotoka, katika mji kama Korogwe ambao ulikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009.

Kuna kundi moja ambalo magurudumu matatu kwake ni haja ya kila saa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hali inayotokana na ubongo kudhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na inayoathiri misuli na mkao, mara nyingi huendelea kubebwa na mama yake hadi miaka sita au saba, akiwa na uzito wa kilo 20 hivi, mpaka mama mwenyewe anaharibika mgongo na mtoto anaacha kutolewa nje. Kigari cha kawaida huandikwa kikomo cha kilo 15 hadi 22, na kitambaa chake kinacholegea humkunja uti wa mgongo. Anachohitaji ni kiti mwendo chenye vishikizi vya kichwa, kiuno na ubavu, na vipo vya magurudumu matatu, gurudumu la mbele likiwa limesogezwa mbali na miguu ili kupita njia mbovu. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2008 kwamba kiti mwendo kinachofaa ni kile kinacholingana na mwili wa mtumiaji na mazingira yake, na kinachoweza kupatikana na kufanyiwa matengenezo hapohapo nchini. Na Moshi, kwa barabara ileile inayopita Korogwe, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa vifaa hivyo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu imekuwapo tangu 2010, na halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Wachomeleaji na mafundi baiskeli vijana wapo Chanika, Mkata na Manundu mjini Korogwe. Maofisa maendeleo ya jamii wa Handeni na Korogwe wawaunganishe katika vikundi, wawapeleke Moshi wakajifunze vipimo, na mkopo wa kwanza wa karakana ya viti mwendo utolewe kabla ya masika yajayo, kwa sababu wako akina mama ambao hata leo wamebeba mgongoni watoto wa miaka saba.