Bunduki Nayo Iandikwe Kitabuni

Ndugu wafanyakazi wa pwani, wavuvi, wapakuzi wa bandarini, wakulima wa minazi na korosho, na ninyi mliorudi makwenu baada ya ukimbizi: leo tunataka tuseme juu ya bunduki.

Wazee wetu husema, mtoto akililia wembe mpe. Akijikata atajifunza. Lakini usemi huo una mpaka wake. Wembe humkata aliyeushika. Bunduki humwua aliyesimama mbali, ambaye hakulilia kitu.

Mwishoni mwa mwaka 2022 Bunge la Msumbiji lilirekebisha sheria ya ulinzi ili kuitambua Força Local, yaani mgambo wa vijiji, na mwaka 2023 Baraza la Mawaziri likapitisha kanuni zake. Mgambo hawa walianza na wapiganaji wa zamani wa vita vya ukombozi, hasa wa nyanda za Mueda, pamoja na watoto wao. Walishika silaha kulinda vijiji vyao wakati ambapo jeshi lilikuwa mbali. Hatuwabezi hata kidogo. Wengi wetu tuko hai kwa sababu yao.

Hata hivyo tunauliza. Raia anayetaka bunduki yake mwenyewe, hata iwe ya kufukuza nguruwe shambani, hutakiwa kuwa na leseni. Je, kijana anayekabidhiwa bunduki ya vita aulizwe maswali machache kuliko huyo mwenye shamba? Sheria imepatikana, kazi iliyobaki ni kuitimiza kijijini, mahali ambapo bunduki hutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Jambo la kwanza ni umri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000 juu ya watoto na vita, ambao Msumbiji imeuridhia, unakataza aliye chini ya miaka 18 kupelekwa vitani. Waasi wameteka watoto wetu na kuwafundisha kuua. Basi upande wetu usifanane nao. Tunajua vyeti vingi vya kuzaliwa vimeungua pamoja na nyumba. Lakini kupotea kwa cheti kusiwe sababu ya kumpima mtoto kwa urefu wake. Waulizwe wazazi, mwalimu na wazee wa mtaa. Pakiwa na shaka, asipewe.

Jambo la pili ni daftari. Namba ya bunduki iandikwe pamoja na jina la aliyeichukua, siku aliyoichukua na idadi ya risasi. Daftari moja likae kijijini na jingine wilayani. Nchi hii imekwisha kuona hasara ya kutohesabu. Baada ya mapatano ya Roma ya mwaka 1992, silaha nyingi zilizokusanywa hazikuharibiwa, na nyingine zilibaki zimefukiwa. Tangu mwaka 1995 Baraza la Wakristo la Msumbiji liliwapa watu majembe, baiskeli na vyerehani ili wasalimishe silaha zao. Na waliovamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 1987 hawakuwa na silaha nyingi. Hapana, ndugu, huo ulikuwa mwaka 2017, nasi tunautaja ili usisahaulike: baadaye walijizidishia silaha kwa kuzipora.

Jambo la tatu ni malipo. Mlinzi ni mfanyakazi. Anayelala porini bila posho na bila chakula, huku ana bunduki mkononi, siku moja atajilipa mwenyewe kwenye kizuizi cha barabarani, kwa samaki wa mchuuzi. Kumlipa kwa wakati ni ulinzi pia.

Jambo la nne ni usawa. Mgambo wasiwe wa kabila moja. Mmwani wa pwani akiona bunduki zote ziko kwa jirani yake Mmakonde, atahofu. Na hofu hiyo ndiyo shamba la adui. Orodha iwe wazi kwa kila mwenye umri na tabia njema.

Wengine watasema chama cha wafanyakazi kinaingiaje hapa. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, miongoni mwa waliouawa walikuwamo wafanyakazi waliokwenda kutafuta riziki. Mvuvi hawezi kutoka alfajiri ikiwa hajui nani amejificha ufukweni na bunduki. Usalama wa kazini kwetu huanzia hapo.

Bendera ya Msumbiji ina bunduki na jembe, na chini yake kitabu kilichofunguliwa. Tunalolitaka ni dogo: kila bunduki iandikwe kitabuni, na siku vita vitakapokwisha kitabu hicho kisomwe, jina kwa jina, mpaka bunduki ya mwisho irudishwe. Mkono ulioishika urudie jembe na nyavu.