Lisemwalo lipo? Muulizeni Bernard Lagat

Najua nimepotea. Wiki tatu hizi UE zimetukalia kooni na hata kufua ilikuwa shida. Leo sina stori ya bumu kuchelewa wala ya wali wa kafeteria. Leo nina hasira, na nusu ya hasira hiyo najikasirikia mwenyewe.

Jana jioni tulikuwa kwenye vimbweta, watu kama saba, vitabu wazi lakini hakuna anayesoma. Mmoja akasoma kwenye simu kwamba mwanariadha fulani wa mbio ndefu amesimamishwa kwa tuhuma za dawa za kuongeza nguvu. Basi! Dakika mbili haziishi, kesi imesikilizwa, imehukumiwa na rufaa imetupwa. "Nilijua tu, ile spidi si ya binadamu." Mwingine akafunga kazi na methali yetu ile: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Tukacheka.

Mmoja wetu hakucheka. Akakunja daftari lake, akasema anakwenda kulala. Saa moja na nusu usiku! Nitarudi kwake. Kwanza niishughulikie hiyo methali.

Hivi mnamkumbuka Bernard Lagat? Mtoto wa Nandi, Kenya, aliyekwenda kusoma Washington State University kule Marekani, yaani mwanafunzi kama sisi. Shaba ya Olimpiki mita 1500 Sydney 2000. Fedha ya dunia Edmonton 2001. Mwaka huohuo wa 2001, Brussels, akakimbia 3:26.34, sekunde 0.34 tu nyuma ya rekodi ya dunia ya Hicham El Guerrouj. Mtu mzito.

Agosti 2003 akachukuliwa mkojo Ujerumani, nje ya mashindano. Sasa sikilizeni jinsi jambo hili linavyofanyika, maana wengi tunabishana bila kujua. Mkojo hugawanywa kwenye chupa mbili, A na B, zote zinafungwa kwa lakiri. Maabara inapima A. Ikionekana kuna kitu, mwanariadha ana haki ya kudai B nayo ipimwe, na ana haki ya kuwepo yeye au mtu wake chupa ikifunguliwa. B haikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Imewekwa kwa sababu maabara inaendeshwa na binadamu, na binadamu hukosea.

Chupa A ya Lagat ikasomeka kuwa na EPO, ile homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu ambayo hospitalini hupewa wagonjwa wa figo. Utaratibu wa wakati ule ulitaka jina libaki siri mpaka B isomwe. Jina likavuja. Mashindano ya dunia ya Paris mwezi huohuo hakukimbia, na Septemba dunia nzima ikawa inamjua kama jamaa wa EPO. Kisha B ikapimwa. Haikuthibitisha A. Wiki chache tangu jina livuje, amesafishwa, nenda zako kijana, samahani kwa usumbufu.

Samahani ya nini? Fainali ya Paris hairudiwi. Hakuna shirikisho linaloweza kuwaita wakimbiaji wote warudi uwanjani kwa sababu maabara na wavujishaji wamemkosea mmoja. Lagat alikwenda mahakamani Ujerumani kudai fidia na hakuipata. Mwaka uliofuata, Athens 2004, alipata fedha akiwa sekunde 0.12 nyuma ya El Guerrouj. Mwaka 2007, tayari akiwa raia wa Marekani, akachukua dhahabu mbili za dunia Osaka, mita 1500 na 5000. Miguu yake ilijibu. Lakini si kila mtu anayesingiziwa ana miguu ya Lagat. Wengine jina likichafuka ndiyo basi tena.

Najua mnachotaka kusema. Mtanitajia Marion Jones. Haya, tumtaje. Juni 2006 chupa yake A ilionekana kuwa na EPO, habari zikavuja Agosti, Septemba B ikamsafisha. Wakili wake akafurahi. Halafu Oktoba 2007 yeye mwenyewe akakiri mahakamani kwamba alitumia dawa kabla ya Sydney 2000 na kwamba aliwadanganya wachunguzi. Medali zake tano za Sydney zikaenda, na Januari 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Halikuwepo, likaja! Methali imeshinda?

Haijashinda. Angalieni kilichomnasa. Si ule uvumi wa Agosti 2006, maana ule ulikufa Septemba. Kilichomnasa ni uchunguzi wa kampuni ya BALCO kule California, kazi ya miaka, hati kwa hati, shahidi kwa shahidi, na waandishi wa San Francisco Chronicle walikuwemo wakichimba. Ukweli ulikuja kwa jasho. Uvumi ulikuja bure na ukaondoka bure.

Na msinielewe vibaya, sisemi magazeti yanyamaze. Kunyamaza nako ni dhuluma. Mwaka 2004 David Walsh wa Sunday Times aliuliza maswali kuhusu Lance Armstrong, gazeti likashtakiwa, na 2006 likalipa pauni 300,000 kumaliza kesi. Oktoba 2012 ripoti ya USADA ikatoka, Armstrong akapoteza mataji yake 7 ya Tour de France, na Januari 2013 akakiri kwenye televisheni mbele ya Oprah Winfrey. Kwa miaka yote ile waendesha baiskeli waliokataa dawa walikuwa wanaibiwa mchana kweupe. Nani aliwasemea? Wachache sana, na walilipishwa kwa kusema.

Kwa hiyo wahariri wa michezo, na nyinyi watangazaji wa vipindi vya asubuhi, nasema nanyi. Ninachowadai si huruma kwa wadanganyifu. Ni vitu vitatu tu.

Kwanza, tuambieni tuko hatua gani. Ni chupa A? Ni B? Ni kusimamishwa kwa muda, au ni hukumu? Siku hizi kitengo cha maadili cha riadha duniani, AIU, kilichoanza 2017, kinatangaza majina ya waliosimamishwa kwa muda kabla kesi haijaamuliwa. Sawa, uwazi ni mzuri, unaua minong'ono. Lakini nyinyi mnayameza yale maneno "kwa muda" na kutuletea "AFUNGIWA" kwa herufi kubwa kama mlango. Kusimamishwa si kufungiwa. Mtu wa darasa la saba anajua tofauti ya mahabusu na mfungwa.

Pili, mpigieni mtu simu kabla hamjachapa. Siyo saa tano usiku gazeti likiwa tayari mtamboni, halafu mnaandika "hakupatikana kwenye simu". Mpeni nafasi ya kujibu, na jibu lake lisizikwe aya ya mwisho.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Mkimtuhumu ukurasa wa nyuma kwa picha ya rangi, msafisheni ukurasa wa nyuma kwa picha ya rangi. Mnatuhumu kwa spika, mnasafisha kwa kunong'ona. Ukitafuta jina la mtu mtandaoni tuhuma ya miaka 20 iliyopita bado inakuja, haina hata mstari mmoja juu yake unaosema kwamba baadaye alionekana hana hatia. Kuongeza mstari huo ni kazi ya dakika moja. Kwa nini hamuifanyi?

Haya, sasa yule aliyekwenda kulala saa moja na nusu.

Mwaka jana ilibandikwa karatasi kwenye ubao wa matangazo wa kitivo, majina ya watu 4 "wanaotuhumiwa" kuingia na vibomu kwenye mtihani. Jina lake lilikuwepo. Wiki tano baadaye kamati ikamwona hana kosa. Unajua walifanya nini? Walibandua ile karatasi. Basi. Hawakubandika nyingine. Na mpaka leo kuna watu hawakai karibu naye siku ya test.

Na unajua nani aliipiga picha ile karatasi na kuirusha kwenye grupu la darasa, na kivuli cha kidole changu kinaonekana kabisa kwenye picha? Mimi. Niliandika na maneno ya mzaha chini yake. Watu walicheka siku nzima. Aliposafishwa nilipata habari siku ileile, nikamwambia "pole kaka, Mungu mkubwa", nikaendelea na maisha yangu. Kwenye grupu sikuandika kitu. Halafu jana nacheka lisemwalo lipo, yeye amekaa hatua mbili kutoka kwangu.

Naweza kuwasema wahariri mpaka asubuhi, lakini mimi nilikuwa mhariri wa watu 186 na nilifanya kilekile.

Usiku nilikwenda chumbani kwake nikamwomba radhi. Akasema yameisha, lakini hakunitazama. Leo asubuhi nimeandika kwenye grupu, kwa jina langu, kwamba picha ile niliituma mimi, kwamba kamati ilimwona hana kosa, na kwamba nilijua nikanyamaza. Mpaka naandika hapa wamejibu watu 4. Siku ya ile picha walijibu zaidi ya 60.

Ndiyo hesabu yenyewe hiyo wadau. Kesho nina test saa mbili asubuhi, na nimeshamwambia tutakaa dawati moja. Alamsiki.