Ndege Iliyoruka Mara Moja

Wako watu wapendao kuicheka kazi iliyoachwa njiani. Hao huitaja kwa dhihaka ndege ya Ufaransa iitwayo SO.4000, wakisema: "Taabu yote ile, kisha kuruka mara moja tu!" Nami nasema dhihaka hiyo si ya haki, tena ina hatari, maana yawafundisha watu kuona haya pasipo haya.

Tuyatazame mambo yenyewe. Ufaransa ilikaliwa na Wajerumani tangu 1940 hata 1944, na viwanda vyake vya ndege vikaachwa nyuma, hali Waingereza na Wajerumani walikwisha kuunda injini za jeti. Vita vilipokwisha, kampuni ya serikali, SNCASO, ilishika kazi ya kuunda ndege ya kutupa mabomu yenye injini hizo. Mafundi hawakukurupuka. Kwanza waliunda ndege mbili ndogo za mfano wake, M.1 na M.2, zikarushwa mwaka 1949. Mwaka 1950 ikatokea ndege kubwa yenyewe. Walakini ilipokuwa ikikimbizwa ardhini kwa kujaribiwa, miguu yake ikavunjika. Ikatengenezwa, na tarehe 15 Machi, 1951, rubani Daniel Rastel akairusha. Haikuruka tena.

Kasoro yake ilikuwa nini? Ndege yenyewe na shehena yake ilikuwa na uzito wa tani 22 hivi. Na injini zake mbili za Nene, zilizobuniwa Uingereza, zilisukuma kwa nguvu ya tani nne na nusu tu. Punda mmoja alitwishwa mzigo wa punda wawili. Kosa hilo silifichi.

Lakini nawauliza wenye kucheka: mtu akiisha kuliona kosa lake, afanyeje? Aendelee kwa sababu fedha imekwisha kutumika? Hilo ni shauri la mjenzi aliyeona msingi umepasuka, akazidi kupandisha kuta kwa kuwa mawe yalikuwa ghali. Fedha iliyokwisha kwenda hairudi kwa kupelekewa mwenzake. Na hapa hasara isingalikuwa ya fedha peke yake: vijana wangalitiwa ndani ya chombo kizito, wakapelekwa vitani, ili wakubwa wasiaibike.

Wafaransa waliiacha. Kisha tarehe 16 Oktoba, 1952, kampuni ile ile ikarusha ndege nyingine, Vautour, yenye injini za Atar zilizotundikwa chini ya mabawa. Hiyo ikaundwa, zikapata 140.

Wazee walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi anayetaka kucheka na amcheke yule aonaye ufa, akaupaka chokaa. Aliyeubomoa ukuta wake mwenyewe kabla haujamwangukia mtu, huyo hastahili kuchekwa.