Kesi ya Mwewe

Msomaji, ukipita asubuhi kando ya mashamba ya kahawa yaliyosalia kati ya Ruiru na Thika, huenda ukamwona ndege mkubwa ametua juu ya nguzo. Ni mweusi karibu mwili mzima, na utosini ana kishungi kirefu kinachopeperushwa na upepo. Akiruka, mbawa zake huonyesha mabaka meupe. Mtoto aliye karibu atapiga kelele, "Mwewe!" na mkono wake utakwenda mfukoni kutafuta manati. Nalipinga jina lile, na naupinga mkono ule.

Ndege huyo si mwewe. Ni tai, na chakula chake karibu chote ni panya. Mwewe ni mwingine: ana rangi ya kahawia na mkia wenye panda, huzunguka juu ya masoko na majaa ya takataka, na ni kweli kwamba hunyakua vifaranga. Sitamtetea kwa uongo. Yuko pia kozi mweusi, akaaye katika mikaratusi, ambaye chakula chake hasa ni njiwa, lakini kuku naye hamwachi. Basi wezi ni hao. Je, ni haki gani ambayo wawili wakiiba ukoo mzima huhukumiwa? Sisi tunaokasirika, na twastahili kukasirika, tukisikia kabila zima likiitwa wezi kwa ajili ya mtu mmoja, twafanya jambo lilo hilo kila tutazamapo juu.

Mtazame wa tatu, mwenye kifua cheupe na mkia mwekundu kama tofali. Huyu huvizia panya, nyoka na fuko. Muulize mkulima yeyote wa viazi hasara ya fuko. Mkulima huyo humlipa mtegaji fedha taslimu, kisha humtupia jiwe yule afanyaye kazi ile ile bure!

Mwaka 2022 wataalamu walichapa hesabu ya ndege wawindao walioonekana kando ya barabara za Kenya, wakilinganisha miaka ya 1970 na miaka ya karibuni. Katika aina 22, aina 19 zilikuwa zimepungua. Tai mwenye kishungi na huyu wa mkia mwekundu walikuwa wamepungua kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Sisemi kwamba manati peke yake yalileta hayo. Iko miti iliyokatwa, ziko nyaya za umeme, yako mashamba yaliyogeuzwa mitaa ya majumba. Na iko sumu. Panya aliyekula sumu hafi pale pale. Huyumbayumba hadharani, akawa windo jepesi, na amlaye huila sumu pamoja naye. Tai hutaga yai moja au mawili tu, hivyo pengo lake halizibwi upesi.

Utaniuliza, na kuku je? Funika vifaranga kwa tenga, au uwajengee banda lenye wavu wa waya juu. Tenga halimwui mtu asiye na hatia.

Bundi ana kesi mbaya zaidi, kwa kuwa hashtakiwi wizi, bali mauti. Akilia juu ya paa, watu husema amekuja kumwita mtu, na asubuhi hutafutwa kwa fimbo. Lakini mgonjwa alikuwa mgonjwa kabla bundi hajalia, na bundi alifuata panya waliofuata mahindi ghalani.

Wewe uliye shuleni huna haja ya kuniamini mimi. Bundi humeza windo lake zima, kisha hutapika vibonge vya manyoya na mifupa. Jumamosi nenda chini ya mti alalapo, uokote vibonge hivyo kwa kijiti, uvipasue juu ya gazeti na kuhesabu mafuvu. Andika ya panya upande mmoja na ya vifaranga upande wa pili, kisha umpelekee hesabu hiyo yule mwenye fimbo.