Gitaa linapolia kanisani, tusikimbilie kulinyamazisha

Jumapili ya leo naomba unisikilize katika jambo ambalo huenda kwako ni dogo: lile gitaa la umeme linalokaa pembeni ya kinanda kanisani kwenu, na kijana anayelipiga.

Katika usharika wetu kuna ombi mezani. Kwaya ya vijana wanataka gitaa jipya. Lililopo, wanasema, lina sauti ya bati. Walileta picha za magitaa mawili kwenye simu, na kikao cha wazee kikatumia karibu saa nzima kusikiliza ubishi wa lipi lina sauti nzuri zaidi. Mzee mmoja akauliza kama Mungu naye anaisikia tofauti hiyo. Tulicheka, lakini hakuna aliyemjibu.

Tofauti ipo, na vijana hawasemi uongo. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme pana sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya, unakwenda kwenye amplifaya na kutoka kama sauti. Fender Stratocaster, iliyoanza kuuzwa mwaka 1954, hutumia koili moja moja, na sauti yake ni kali na safi, kama kijiko kikigonga glasi. Kasoro ya koili moja ni kwamba hunasa pia muungurumo wa nyaya za umeme zilizo jirani. Wengi wetu tumeusikia ukivuma wakati mchungaji anaomba. Mwaka 1955 fundi wa kampuni ya Gibson, Seth Lover, alipata dawa yake: koili mbili zilizopangwa kinyume, muungurumo ukajifuta wenyewe na sauti ya nyuzi ikabaki. Gitaa kama Les Paul lenye koili hizo lina sauti nene, inayokaa hewani muda mrefu kabla ya kufa. Najua kuna mhubiri hapo ameshapata hoja tatu za mahubiri. Mimi namwachia.

Nisemacho ni kwamba nimelisikia gitaa letu hilo hilo la bati likiliza watu. Na mimi ni mmoja wa waliolinyamazisha.

Ni miaka minne sasa. Kijana aliyekuwa akipiga solo alifiwa na mama yake. Jumapili ya pili baada ya mazishi alirudi kwenye nafasi yake. Ulipofika wakati wa sadaka, badala ya kuchangamsha kama tulivyozoea, alipiga taratibu, peke yake. Uzi ulivutwa, ukalegea, ukanyamaza, ukaanza tena. Kina mama wa nyuma walianza kufuta machozi. Baada ya ibada wazee tuliitana. Mmoja akasema huo ni muziki wa baa. Mwingine akasema watu hawaji kanisani kuhuzunishwa. Mimi ni katibu wa kikao. Sikujua lolote kuhusu muziki ule, lakini niliandika kwenye muhtasari, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba kijana aonywe. Akaonywa. Akaliegemeza gitaa ukutani, na hakurudi.

Muziki alioupiga unaitwa bluzi. Ulizaliwa kwa watu weusi wa kusini mwa Marekani, wajukuu wa watumwa, na kweli ulipigwa sana kwenye vilabu vya pombe. Ila ungedhani ulikuwa ukiishi huko tu. B.B. King, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1925 na kuja kuitwa mfalme wa bluzi, alionyeshwa kodi zake za kwanza (nasema kodi za gitaa, si za mapato) na mchungaji aliyeitwa Archie Fair, aliyekuwa akipiga gitaa la umeme kanisani. Mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akipiga pembeni mwa barabara ujanani. Akiimba nyimbo za injili, watu walimpapasa kichwa na kumsifu. Akiimba bluzi, walimpa pesa. Hapo sisi watu wa kanisa tunapaswa kuona haya kidogo.

Sister Rosetta Tharpe, ambaye mama yake alikuwa mwinjilisti, alirekodi nyimbo za injili kwa gitaa tangu mwaka 1938, na baadaye akalishika la umeme kwa namna ambayo wapigaji wa rock wa Uingereza walikuja kumwiga. Waumini wengi walimkasirikia kwa sababu alipiga pia kwenye kumbi za starehe.

Na yupo Thomas Dorsey. Huyu alikuwa mpiga piano wa bluzi, akijulikana kama Georgia Tom. Alipoanza kuandika nyimbo za injili zenye ladha hiyo, makanisa kadhaa ya Chicago yalimfungia mlango. Mwaka 1932 alikuwa safarini St. Louis kwa kazi ya uimbaji alipopata habari kuwa mkewe, Nettie, amefariki akijifungua. Mtoto naye akafa muda mfupi baadaye. Katika siku hizo akaandika wimbo wa kumwomba Bwana amshike mkono, ambao Mahalia Jackson aliuimba kwenye mazishi ya Martin Luther King mwaka 1968, na ambao leo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi. Jiulize ungekuwa katibu wa kikao kilichompokea Dorsey mwaka ule, ungeandika nini.

Mwaka jana nilistaafu, na muda ukawepo wa kukumbuka mambo. Nilimfuata yule kijana kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu. "Shikamoo, mzee," akasema, bila kuinua macho. Nikaitika, nikakaa kwenye benchi la wateja, nikamwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu akichokonoa simu ya mtu. Kisha, sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwomba anifundishe. Hapo ndipo alipocheka. "Vidole vitakuuma, mzee."

Viliuma. Lakini wewe unayeimba kwaya utanielewa haraka, kwa sababu bluzi inaelezeka kwa do-re-mi yetu. Wimbo una vipande 12 vyenye mapigo manne manne: unaanza nyumbani kwenye do, unakwenda fa, unarudi do, unapanda so, unashuka fa, unarudi nyumbani. Ndiyo ramani yote. Mwimbaji husema neno, hulirudia, kisha hulijibu. Msomaji wa Zaburi utaitambua tabia hiyo ya kusema jambo mara mbili. Kwa solo unapewa nota tano tu, mbili kati yake zimeshushwa, yaani mi na ti. Mwalimu wangu alininyima hata hizo tano. Mwezi mzima nilipiga nota tatu. Kila nilipojaza nafasi zote kwa kelele aliufunika mkono wangu na kuniambia, "Mzee, umesema sana. Sasa mwache mwenzako ajibu." Hakuwepo mwenzangu yeyote chumbani, lakini nilielewa. B.B. King alipokuwa akiimba aliliacha gitaa linyamaze. Akimaliza, gitaa ndilo lilijibu.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kuuvuta uzi. Unabonyeza ile mi iliyoshushwa, kisha unausukuma uzi kwa kidole hadi sauti ipande, lakini isifike kwenye mi yenyewe. Ibaki katikati. Kwenye kinanda chetu hakuna kitufe cha sauti hiyo. Nilihangaika wiki kadhaa, ama nafika ama sifiki. Jioni moja ikatoka, na nikaweka gitaa chini, kwa sababu niliitambua. Ni sauti ya bibi yangu akiomboleza msibani, ile inayoteleza kati ya nota mbili kama mtu anayetafuta pa kushika. Sauti ya baa gani hiyo?

Msomaji wangu, hebu fungua kitabu cha Zaburi uhesabu ni ngapi zinazolia. Zaburi ya 88 inalia tangu mwanzo na kuishia gizani, bila neno la kufariji mwishoni, na hakuna mzee aliyeiondoa kwenye Biblia kwa kuwahuzunisha watu. Maombolezo ni kitabu kizima. Sasa hesabu nyimbo ulizoimba kanisani mwezi huu, uone ngapi ziliruhusu mtu alie. Jumapili ile uliyotoka hospitali na majibu mabaya mfukoni, kwaya ilikuwa ikipiga nini? Ulipiga makofi pamoja nao, sivyo? Nami nimewahi.

Nakubali yapo ya kuhofia. Maneno ya nyimbo nyingi za bluzi ni ya ulevi na uzinzi, na siyaombei nafasi kwenye ibada. Nakubali pia kwamba kijana akishajua kubuni solo anaweza kusahau pa kuishia. Nimewahi kusubiri solo imalizike mchungaji akiwa amesimama mimbarani na Biblia imefunguliwa. Hilo linahitaji mwalimu. Tunao watu wanaoomba kwa kubuni, wasiosoma sala kitabuni, na baadhi yao hawajui pa kuishia pia, lakini hatujawahi kuwakataza kuomba. Tunawafundisha, au tunavumilia.

Kuhusu gitaa jipya, msimamo wangu ni kwamba lingoje. Milioni mbili za kubadilisha sauti ya bati hazitatusaidia kama atakayelipiga atakuwa anaogopa kikao.

Nilimwomba kijana arudi. Alisema hana kinyongo na mtu, ila angependa kujua kama ule mstari bado uko kwenye muhtasari. Upo. Kitabu ninacho mimi. Wazee tunakutana Alhamisi, na kabla ya ombi la gitaa nimeweka ajenda ya kuufuta. Nimeiandika kwa mkono ule ule, ingawa safari hii vidole vina sugu.