Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Mwalimu tuliyemzika Mwello

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo,
Kampala.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia hadharani kuhusu mwalimu wa shule ya msingi tuliyemzika hapa kijijini Mwello, wilaya ya Tororo, na kuhusu wenzake walio hai, ambao serikali bado ina nafasi ya kuwatendea haki.

Alikuwa na cheti cha Daraja la Tatu. Elimu ya msingi bila karo ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi nchini waliongezeka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliofurika darasani kwake, watoto wa Wapadhola, Wasamia na Wateso, tumebanana sakafuni. Alijua jina la kila mmoja wetu, na nani kwao hawakupika jana.

Kisha ikaja korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Kenya walirudi darasani Januari 2021. Kwa mwaka mzima watoto wetu waliwaona wenzao wa Busia ya ng'ambo wakienda shule na sare zao, huku wao wakibeba mizigo ya wafanyabiashara mpakani. Shule zilipofunguliwa, madawati mengi yalibaki matupu. Mwalimu alipita nyumba kwa nyumba kuwabembeleza wazazi. Msichana aliyejifungua alimrudisha darasani, mvulana aliyezoea hela za sokoni alimfuata huko huko sokoni. Hakuna aliyemtuma, wala aliyemlipa.

Mwaka huo huo, Julai 2022, serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wa sekondari wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na wenye diploma hadi milioni 3. Mwalimu wetu alibaki na takriban 500,000. Kila siku alifundisha hisabati na sayansi, lakini kwa watoto wadogo, na kwa hiyo hakuhesabiwa. Mheshimiwa, yupo mwalimu gani wa fizikia ambaye hakufundishwa kujumlisha na mtu kama huyu?

Mwezi huo huo Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Tulifurahi, maana hapa mpakani Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sokoni. Lakini mwalimu wa Kiswahili naye aliwekwa upande wa walimu wa sanaa, ambao hawakuongezwa mshahara. Somo likiwa la lazima, mwalimu wake anawezaje kuwa wa ziada?

Mwalimu wetu alipougua, dawa zilinunuliwa kwa mkopo wa SACCO. Alipofariki, walimu wenzake na sisi wanafunzi wake wa zamani tulichanga pesa za jeneza na chakula cha matanga. Mtumishi wa umma wa zaidi ya miaka ishirini hakuacha akiba ya kumzika.

Najua jibu la serikali: fedha hazitoshi, na nchi inahitaji wanasayansi. Inawahitaji kweli. Lakini mtoto asiyejua kusoma akifika darasa la nne hatakuwa mwanasayansi, hata mwalimu anayemngoja sekondari alipwe vipi. Walimu wa sanaa waligoma Juni 2025 wakidai usawa wa mishahara.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, wizara itangaze ratiba yenye tarehe ya kuwapandishia mshahara walimu wa msingi na wa sanaa. Pili, familia ya mwalimu aliyefia kazini ilipwe kiinua mgongo bila kucheleweshwa, ili mjane asiuze ng'ombe kwa nauli ya kufuatilia faili. Tatu, sera ya walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada: serikali iwalipie masomo walio kazini tayari, kwani mshahara wao hauwezi kulisha familia na kulipa chuo kikuu.

Mwalimu wetu hatalipwa tena. Anayesimama leo mbele ya darasa lake anaweza kulipwa, na bajeti ijayo ndiyo mahali pa kuanzia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwanafunzi wake wa zamani,
Mwello, Tororo.